Alionja Yeye, Akafa Mtoto

Mwaka nilioanza kazi ni ule tuliokula viazi asubuhi, mchana na jioni. Baridi ilipiga mahindi yakiwa bado machanga, yakakaukia shambani yamesimama, na kutoka Njombe mpaka Makambako kila sufuria uliyofunua ilikuwa na viazi. Vya kuchemsha, vya kuchoma kwenye majivu, vya kuponda na maharage kama yapo. Watoto wakawa wanauliza ugali umehamia wapi. Mkinitaka tarehe sina. Mtafuteni mtu aliyekula viazi vile, yeye hawezi kuusahau mwaka huo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi kwenye zahanati zetu, wenye sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Mimi sikuwa nesi wala daktari. Nina darasa la saba, tena la kusukumwa. Nilikuwa mhudumu: kuchemsha sindano enzi zile zinachemshwa, kupima watoto uzito, kufuta matapishi, kumshika mguu anayechomwa, na kuangalia watu. Kuangalia watu ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote, na kwa hilo najivuna, anayechukia na achukie.

Ningeandika mapema, wakati bado nina furaha ya kuandika. Sasa naandika kwa sababu mjukuu wangu Vumilia amekufa, na watu wa nyumba yangu wanataka niseme kwamba jirani yetu alimuua. Nitafika huko. Kwanza niwaambie ninachokijua kuhusu mzio, mnaouita aleji, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini jambo dogo kama karanga limenivunjia nyumba.

Mwaka ule wa viazi uliletwa unga wa msaada, mahindi yamechanganywa na soya na karanga. Tulikuwa tunakoroga uji nje ya zahanati ya masista nilikoajiriwa, na akina mama wanapanga mstari na vikombe. Akaja mama mmoja na mtoto wa kiume anayejifunza kutembea. Mtoto akanywa vijiko vichache, midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka kama mtu aliyeviringishwa kwenye upupu. Mama yule akaanza kulia. Mjue hakulilia uvimbe. Alilia aibu.

"Njaa yote hii, halafu mwanangu anakataa chakula! Watanionaje?"

Mwanamke wa nyuma yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Hao kwao wana mambo yao."

Mkuu wetu alikuwa Sista Kresensia, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kupasulia kuni. Alimchukua mtoto, akampa dawa, akakaa naye mapajani mpaka uvimbe ukashuka. Ndipo akamgeukia yule wa nyuma.

"Wewe, mambo yao gani? Kijijini kwenu si mna sungusungu? Basi na mwili una sungusungu wake. Wa huyu mtoto wamemwona mgeni amekuja na zawadi, wakadhani mwizi. Wanampiga, na katika kumpiga wanavunja nyumba ya mwenyewe. Hakuna uchawi hapo. Kuna sungusungu wajinga."

Watu walicheka. Mimi nikaweka neno lile moyoni, na kwa miaka yote ya kazi sikupata maelezo bora kuliko hayo. Karanga ni chakula. Asali ni chakula. Dawa ya sindano ni dawa. Kwa wengi. Halafu anakuja mmoja ambaye mwili wake unapigana na kitu hicho kama unapigana na simba, na ubaya haumo kwenye kitu, umo kwenye ule ugomvi. Shikeni hapo. Kama hamtashika kingine chochote, shikeni hapo.

Sista alikuwa na sheria: uliza kwanza, choma baadaye. Na swali letu lilikuwa hilo hilo kwa kila mtu, "Kuna dawa inayokukataa?" Siku moja nikamuuliza mzee mmoja mpasua mbao. Akajibu bila kunitazama, "Dawa hapana. Ni mke wangu ndiye ananikataa, tangu Pasaka."

Benchi zima likaangua kicheko. Sista aliyekuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano akageukia ukutani ili asionekane. Lakini alipogeuka tena akamuuliza kwa njia nyingine.

"Mzee wangu, umewahi kuchomwa sindano ukatoka vipele, au ukaishiwa nguvu?"

"Aa, hiyo ilikuwa zamani, sindano ya ugonjwa wa ujana. Nilianguka kidogo tu."

Alianguka kidogo tu! Dawa iliyokuwa tayari kwenye bomba ndiyo ile ile. Kwa hiyo wanangu, msiulize mara moja. Watu wetu hawajui kwamba kuanguka ni jibu. Wanadhani ni unyonge wao, wanauficha. Ulizeni kuhusu vipele, kuhusu pumzi, kuhusu kutapika, kuhusu mdomo kuvimba. Na ulizeni kuhusu chakula na nyuki pia, si dawa peke yake.

Mwingine yeye alijibu vizuri, kweli hakuna kilichowahi kumkataa, na bado mwili ukamgeuka. Msichana mshonaji nguo. Alichomwa, akaanza kufunga kitenge chake aondoke, akasema, "Mbona ulimi unakuwa mzito?" Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza kama ya jogoo mchanga. Sista hakupiga kelele. Alimlaza chini pale pale, sakafuni, akaniagiza gunia la maharage kutoka stoo tukaliweka chini ya miguu yake, na yeye akamchoma adrenalini kwenye paja, upande wa nje. Msichana akarudi, kama taa ya mafuta iliyokuwa inazimika mtu akaipandisha utambi. Halafu tukampeleka hospitali hivyo hivyo, ingawa alikuwa anasema amepona na kuna gauni la harusi linamsubiri. Ugomvi ule unaweza kutulia ukarudi tena baada ya saa chache. Usimruhusu aende nyumbani kwa sababu anatabasamu.

Ndiyo maana anayechomwa sindano anakaa benchi kwanza. Watawasumbua. "Nina ng'ombe porini." "Nimeacha maharage jikoni." Na wakae.

Sasa mambo madogo, yale mtakayoyaona kila wiki. Wachuma pareto wanakuja mikono na shingo vimewaka, ngozi imepasuka kama udongo wa kiangazi. Wanajipaka mafuta ya taa. Wengine wanajipaka dawa ya meno, sijui nani aliwaambia ngozi inapigwa mswaki. Waambieni waoshe kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, wavae mikono mirefu, wasikaushe maua ndani ya chumba wanacholala, na wapake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Ikizidi kuna dawa ya kupaka, ya zahanati, si ya mnadani. Zile krimu za mnadani zinazong'arisha uso zimewaharibu wengi waliokuja na kipele kidogo.

Msimu miti ya misindano inapotoa vumbi lake la njano, mnalijua, linaelea mpaka kwenye ndoo za maji ya mvua, kuna watu macho yanawasha na pua inachuruzika mfululizo. Huyo hana mafua, msimpe dawa za vijiduduu. Aoshe uso akitoka nje, asianike blanketi uani siku za upepo, apate kidonge cha mzio. Wenye pumu wao wanabanwa na vumbi la mbao, moshi wa kuni, manyoya ya kuku wanaolala nao jikoni kwa sababu ya baridi yetu. Wawe na dawa yao ya kuvuta, na waitumie. Mnajua wangapi wanaificha? Wanaona aibu kuivuta mbele za watu, eti itaonekana wamefika mwisho.

Na piritoni, hivyo vidonge vya mzio, zinaleta usingizi, msisahau kusema. Nilimpa mama mmoja wa kwaya Jumapili asubuhi, anawashwa mwili mzima, sikumwambia asubiri mpaka jioni. Padri akamaliza mahubiri, kwaya ikasimama, yeye amelala mdomo wazi begani kwa mwenzake, na wa kuanzisha wimbo ni yeye. Mpaka leo wenziwe wakimwona wanamuuliza kama amekunywa vidonge.

Nyuki nao. Huku kwetu msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nyuki wanaingia kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga ulanzi, wanalewa humo na kufa, wengine hawajafa. Mtu anakunywa gizani mwa kilabu bila kuchuja, anaumwa kooni. Chujeni. Na mtu akiumwa mkononi, ule mwiba utoeni haraka hata kwa ukucha, msisubiri kutafuta wembe. Uvimbe wa pale pale ni maumivu tu, maji ya baridi yanatosha. Lakini ameumwa mkono, anavimba macho, anatapika, anahema kwa mluzi? Huyo si wa maji ya baridi. Huyo anakufa mkimtazama. Vidonge havimwahi. Sindano ya adrenalini, miguu juu, kama pumzi inamshinda akae lakini asisimamishwe, na msimpe kitu chochote kinywani. Chochote. Narudia hilo kwa sababu nitalirudia tena.

Mnaona nilivyokuwa najua? Ndivyo nilivyokuwa najivuna. Nimewafundisha akina mama wa kata nzima. Nilikuwa nikipita Kitandililo wananisalimia kwa Kibena, "Kamwene, bibi wa piritoni!" nami naitika. Halafu wakaja vijana wa siku hizi, neno aleji likawa utani. Ukimwamsha kijana kulima anakwambia, "Bibi, nina aleji na jembe." Kila asiyependa mlenda ana aleji. Mwenye mzio wa kweli akisema, wanamcheka pamoja na hao waongo. Nilicheka na mimi. Sasa sicheki.

Vumilia alikuwa mtoto wa mwanangu Festo. Mama yake anauza vitenge Makambako mjini, kwa hiyo mtoto alikuwa akiishi na mimi na baba yake hapa Kitandililo. Alikuwa na mdomo, yule! Alikuwa akimsahihisha katekista. Karanga zilimkataa tangu akiwa mdogo, tuligundua kwa uji wa lishe, na mimi nilimfundisha kusema mwenyewe. Alikuwa anafika nyumba ya watu, hajasalimia vizuri, anasema, "Shikamoo, mimi sili karanga, nikila navimba." Watu walimwona hana adabu. Mimi nilimwona ana akili.

Jirani yetu ni Mama Lukelo, mjane, mwanamke wa kucheka polepole. Vumilia alishinda kwake kama kwao. Siku ile mimi nilikuwa nimekwenda Uwemba kumzika mwenzangu niliyefanya naye kazi. Mama Lukelo alipika kande. Mtoto akauliza, kama nilivyomfundisha, "Mama Lukelo, kuna karanga humu?" Akajibiwa hakuna, na ilikuwa kweli, hakuweka karanga. Lakini mahindi aliyakoboa kwenye kinu. Na kinu kile, jana yake, kilitwanga karanga za mboga ya harusi ya kigangoni.

Mnajua kinu cha mti hakioshwi. Mama zenu hawakukiosha, mama yangu hakukiosha. Ukikiosha, kwa baridi yetu hakikauki, kinaota ukungu na kupasuka. Kinafutwa kwa pumba. Alikifuta kwa pumba, vizuri, kama mwanamke yeyote msafi. Mafuta ya karanga yalibaki kwenye nyufa.

Na alionja. Hili ndilo mlisikie vizuri. Kwetu mwenyeji hakupi kikombe wala sahani kabla hajapeleka kinywani mwake kwanza, ili ujue hakuna kitu. Hata kwa mtoto anafanya. Mama Lukelo akachota kwa kijiko, akala mbele yake, akasema, "Haya mjukuu, kula." Alionja yeye, akafa mtoto.

Desturi ile inaondoa sumu. Inaonyesha kwamba mwenyeji si muuaji. Haionyeshi kama chakula kinamfaa mgeni. Kande iliyo salama kwa Mama Lukelo haikuwa salama kwa Vumilia, na ingeonjwa na kijiji kizima isingesaidia. Nani angewaza hivyo, mbele ya sahani?

Mtoto akaanza kukohoa, akajikuna shingo, akasema, "Koo linafunga." Mama Lukelo akambeba akakimbia naye kwetu, anaita. Festo alikuwa uani. Akaona mwanawe amevimba uso, anatapika, ametoka kula kwa jirani. Kichwa chake kikaenda pale vichwa vyetu vyote vinapokwenda. Akapiga kelele, "Sumu! Leteni maziwa!"

Maziwa. Kila nyumba ya huku inajua kwamba aliyelishwa sumu anapewa maziwa. Walikwenda kutafuta kwa mwenye ng'ombe, bonde la pili. Waliporudi walimkalisha Vumilia, wakamfungua kinywa, wakammiminia. Koo limefunga, na wao wanamimina. Mama Lukelo anasema, "Baba Vumi, tumpeleke, tumpeleke," na watu wanamsukuma, wanamwambia anaficha ushahidi. Waliposhituka kwamba mtoto amelegea mikononi, ndipo wakaita bodaboda, wakamweka katikati, kichwa kinaning'inia, mpaka Makambako.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mwenye heshima. Nilifika na mimi kutoka Uwemba na nguo zangu za msiba wa mtu mwingine. Aliniambia, "Bibi, ni mzio mkali. Angefika mapema tungejaribu." Nikamwambia najua. Hatukuwa na la kubishana, mimi na yeye.

Baada ya mazishi ndugu wakakaa uani. Alikuja shemeji yangu kutoka Ludewa, Mzee Gaudensi, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye neno lake ndilo linalofunga vikao vyetu. Alivaa koti lake la vikao. Festo alikaa karibu naye, hakunitazama.

"Shemeji," Mzee Gaudensi akasema, "wewe ni mtu wa hospitali. Watu wanakuamini. Sisi hatutaki fujo. Tunataka useme tu mbele ya mtendaji wa kijiji na wazee kwamba mtoto alilishwa kitu, yule mama ahame kwa amani."

"Alilishwa kande," nikasema.

"Unajua ninachosema."

"Najua. Alionja mwenyewe kwanza, hata mjukuu wake, mtoto wa dada yake Lukelo, aliona."

Dada mmoja wa ukoo akadakia, "Si wanaweka chini ya ukucha! Anaonja upande huu, anatia upande ule. Wewe bibi hujui mambo ya leo."

"Nimeosha mikono ya maiti na ya wazazi," nikamwambia. "Kucha nimeziona nyingi kuliko wewe. Kucha za Mama Lukelo zina masizi."

Wengine walitaka kucheka, wakameza. Nikawaeleza. Niliwaeleza sungusungu, niliwaeleza kinu, niliwaeleza msichana mshonaji na gunia la maharage. Nimewaeleza watu maisha yangu yote na sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza mvua juu ya bati. Nilipomaliza Mzee Gaudensi akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa shemeji, chakula kile kile, mmoja anakula anapona, mwingine anakula anakufa. Kama huo si uchawi, uchawi ni nini?"

Nikajibu, "Sitasema. Mtoto hakulishwa sumu, na mimi sitasema alilishwa."

Festo ndipo aliponitazama. Mwanangu wa pekee wa kiume. Nikaona macho yake na nikaelewa jambo ambalo sijaliandika mpaka leo, nalo ndilo linaloninyima kula. Anahitaji iwe sumu. Ikiwa ni sumu, alifanya kile ambacho baba yeyote angefanya, alimpa mwanawe maziwa. Ikiwa ni karanga, basi muda ule wa kutafuta maziwa bonde la pili ndio uliokuwa muda wa mtoto. Mimi nikisema ukweli, namtoa Mama Lukelo kwenye kamba na kuifunga shingoni mwa mwanangu.

Nilimfuata zizini baadaye. Nikamwambia, "Baba, hukujua. Hakuna aliyejua. Kila nyumba ingefanya hivyo hivyo."

Akasema, "Wewe ungejua."

"Mimi sikuwepo."

"Basi sema ni yule mama. Sema hilo tu, mama. Nitaweza kulala."

Mnanielewa? Hakuniomba shamba, hakuniomba ng'ombe. Aliniomba usingizi. Na mama gani anamnyima mtoto wake usingizi?

Amehama. Yuko Makambako kwa mkewe, na mkewe naye hanipigii. Mama Lukelo hajahama, ila ni kama amehama. Visimani wanamsubiri amalize ndipo wachote. Mbuzi wake amekatwa mguu. Kilabuni akionja kikombe na kumpa mtu, mtu anakiweka chini. Kigangoni benchi lake anakaa peke yake, isipokuwa siku ninazoweza kutembea mpaka kule, nakaa naye. Kinu chake alikipasua kuni. Nilimkuta anakichoma, nikamwambia kinu hakina kosa. Akanijibu, "Na mimi sina, bibi, mbona nachomwa?"

Vijana, sijui kama maneno haya yatasaidia. Kusema kweli sidhani. Nimefundisha miaka na miaka, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe mtoto alimiminiwa maziwa kooni. Lakini kama kuna mmoja wenu anayesikia, basi: mtoto akivimba baada ya kula, msitafute aliyempa. Mtafuteni wa kumwokoa. Mlazeni, msimpe kitu kinywani, mkimbizeni kwenye sindano. Ugomvi wa nani alipika uacheni mpaka mtoto awe amekaa anaomba uji. Mwenye mzio na awe na chombo chake, sufuria yake, mwiko wake, na mahindi yake yasikobolewe kwenye kinu cha watu. Na mtoto akisema kwa mdomo wake kwamba kitu kinamkataa, msimwone hana adabu. Vumilia aliuliza. Aliuliza kama mtu mzima.

Juzi Festo alipiga simu. Nilifurahi, nikadhani anakuja kuchukua viazi, maana mwaka huu vimekubali. Akanisalimia vizuri, shikamoo mama, akauliza mgongo wangu. Halafu akasema baba mdogo Gaudensi anakuja tena na kikao ni Jumamosi, na mtendaji atakuwepo, na kwamba nikisema neno lile moja atarudi nyumbani na mkewe, watazaa mwingine, atakuja kulelewa na mimi. Nilisikia magari ya Makambako yanapita nyuma yake, na pumzi yake, ile ile niliyokuwa naisikiliza alipokuwa mchanga ana kifua.

"Mama, upo?"

Nikamwambia nipo.

"Utasema?"

"Sitasema. Mtoto hakulishwa sumu, na mimi sitasema alilishwa."